Isaka: Mji Unaoishi kwa Kusubiri

Kwa muda wa miaka isiyopungua 15 nimekuwa nikipita Isaka. Nimeipita kwa basi, usiku, abiria wengi wakiwa wamelala. Nimeipita mchana kwa gari langu mwenyewe, nikiwa na haraka ya kufika Kahama kabla ya jua kuzama. Na kila mwaka nimekuwa nikiitaja darasani. Katika somo langu la uchumi wa usafirishaji ipo ramani moja ambayo wanafunzi wameizoea: mshale mnene unatoka Dar es Salaam, unapita Morogoro, Dodoma na Tabora, unafika Isaka, kisha unageuka kuwa mstari mwembamba unaoelekea Rusumo, Kigali na Bujumbura. Mshale mnene ni reli. Mstari mwembamba ni barabara. Pale vinapokutana nimeandika maneno mawili: bandari kavu. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kushuka hapo hata kununua maji ya kunywa.

Mwezi uliopita nilishuka kwa lazima. Beringi ya gurudumu la nyuma ilianza kulia tangu Tinde, na nilipofika Isaka fundi aliisikiliza, akatikisa kichwa, akaniambia kwamba spea italetwa kutoka Kahama na gari halitakuwa tayari kabla ya jioni ya siku ya pili. Nikapata chumba katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara. Asubuhi yake nikamwita kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegesha mlangoni, nikamwomba anizungushe mji.

"Nikupeleke wapi, mzee?"

"Popote. Nataka kuuona mji."

Alinitazama kama mtu anayehisi kwamba anataniwa. "Mzee, hapa hakuna cha kuona. Labda nikupeleke Kahama."

Jibu lile lilinikumbusha mji mwingine na mwenyeji mwingine. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano wa kitaaluma nchini Malaysia. Siku ya mwisho nilikwenda Melaka, mji wa kale ulio kando ya mlangobahari unaoitwa kwa jina lake, nikamkodi mwenyeji anitembeze. Alikuwa karani mstaafu, mtu mfupi mwenye mwavuli ambao hakuuacha hata jua lilipojificha nyuma ya mawingu. Aliniamkia kwa lugha yake, "Apa khabar?", nami nikacheka, nikamweleza kwamba kwetu tunaulizana "Habari?" Tangu hapo tukawa tunaokota maneno njiani kama watoto waokotao maembe. Dunia yangu ni dunia yake; wakati wangu kwake ni waktu; karatasi yangu ni kertas. Tulipofikia neno bandari alisimama. Kwao, alisema, bandar ni mji. Neno ni lile lile la Kiajemi lililovuka bahari kwa pande zote mbili: sisi tukalibakiza kwenye gati, wao wakalipanua hadi likauchukua mji mzima.

Mzee yule hakupita jengo lolote kimya. Alinipitisha katika mtaa ambao jina lake lina maana ya mafundi dhahabu, na katika mtaa huo na ule unaofuatana nao akanionyesha msikiti, hekalu la Wahindu na hekalu la Wachina, vyote vikiwa vimeachana kwa hatua chache. Nilipomuuliza mji huu ulipataje utajiri wake, alinijibu kwa neno moja: kwa kungoja. Majahazi ya India yalikuja na pepo za msimu mmoja, merikebu za China zikaja na pepo za msimu mwingine, na wote walilazimika kutua Melaka hadi upepo ugeuke. Katika miezi hiyo ya kungoja walikula, walilala, waliuza, waliswali, waligombana na walioa. Mtawala aliweka maofisa wanne wa bandari, kila mmoja akiwashughulikia wageni wa upande wake. Mreno Tomé Pires, aliyeishi humo muda mfupi baada ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1511, aliandika kwamba zilisikika lugha 84, na katika orodha yake ya wageni wamo watu wa Kilwa na Malindi.

Mwisho alinipeleka kwenye lango la ngome ya Wareno, akanionyesha bahari ilipokuwa ikifika zamani. Siku hizi pana maduka na hoteli, kwa kuwa bahari imefukiwa na ufuo umesogezwa mbali. Waholanzi waliouchukua mji mwaka 1641 waliipendelea Batavia. Waingereza wakaanzisha Penang mwaka 1786 na Singapore mwaka 1819. Mto ukajaa tope, meli za mvuke zikaacha kuusubiri upepo, na mji ulioishi kwa kungoja ukakosa wa kumngojea. Wanawe wawili, aliniambia, wanafanya kazi Singapore, kwenye jiji lile lile lililoimaliza bandari ya mababu zao.

Nilirudi nyumbani nikiwa na daftari lililojaa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini nilivuka bahari nzima kumsikiliza karani wa Melaka ilhali sikuwahi kumuuliza mtu yeyote wa Isaka swali lolote.

Basi nilimwambia yule kijana, "Kama hakuna cha kuona, nionyeshe ulipokulia." Hilo alilielewa. Akapiga kiki, tukaondoka.

Alinipeleka kwanza stesheni. Reli hii ni ya tawi linalotoka Tabora kwenda Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, wakati Waingereza wakiitamani pamba ya Usukuma. Kwa miongo mingi Isaka ilikuwa kituo kama vituo vingine. Kilichoibadilisha ni ukweli mmoja wa ramani: kutoka hapa, barabara inayokwenda Rusumo kupitia Kahama ndiyo njia fupi ya kuuacha mgongo wa reli na kuelekea Rwanda. Mzigo wa Kigali unaweza kusafiri kwa treni karibu kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Hapa lazima ushushwe na kupakiwa kwenye lori, kwa kuwa reli haiendi ulikokusudiwa. Hapa safari inakatika, na pale ilipokatika ndipo mji ulipoota.

"Hapa ndipo baba alipokuwa anafanya kazi," alisema kijana, akinyoosha kidole upande wa maghala. Alisema kama mtu anayetaja jambo lisilo na uzito. Nilimwomba tushuke.

Baba yake alikuwa kibarua wa kushusha magunia. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban siku moja, mwishoni mwa Aprili, wakaingia Ngara. Chakula cha kuwalisha wao na waliofuata baada yao kilikuja kwa reli hadi Isaka, kikahamishiwa kwenye malori. Nimeyasoma hayo katika ripoti, yakiwa yameandikwa kwa tani. Sikuwahi kufikiri kwamba tani zile zilikuwa na mabega chini yake. Kijana anakumbuka bega la kulia la baba yake lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto, na kwamba usiku alilala kwa ubavu mmoja hadi alipofariki. Baadaye yalikuja makontena mengi zaidi na mashine za kuyainua, na mabega hayakuhitajika tena kwa wingi ule.

Nikawakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliobeba pembe za ndovu kutoka nchi hii hii hadi Bagamoyo. Tumewajengea sanamu katika vitabu vyetu. Wapagazi wa mwaka 1994 hatujawajengea hata aya moja.

Kituo cha pili kilikuwa kibanda cha mama yake, karibu na maegesho ya malori. Ni mama lishe. Aliniamkia "Mwangaluka, baba," nami nikamwitikia vivyo hivyo, akafurahi. Tulikaa kwenye benchi, tukaletewa chai na michembe iliyochemshwa, kisha akaendelea kupepeta mchele huku tukizungumza. Madereva waliingia wawiliwawili. Kwa waliotoka Rwanda alisema "Amakuru?", neno ambalo kwao ni kuulizana habari, na mara moja nikamkumbuka mzee wa Melaka na mwavuli wake. Katika muda wa saa moja nilisikia Kisukuma, Kinyamwezi, Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili cha lafudhi tano. Kijana alinieleza kwamba tangu ujenzi wa reli mpya uanze, mama amejifunza kuhesabu hadi kumi kwa Kichina. Mama alikana, kisha akahesabu.

Nilimuuliza mteja mzuri ni yupi. Hakusita. "Aliyekwama, mwalimu. Karatasi zake hazijakamilika, au lori limeharibika, au mzigo haujafika. Huyo anakula asubuhi, mchana na jioni. Anayepita moja kwa moja anatuachia vumbi."

Nikanyamaza. Katika darasa langu kuna mada nzima inayohusu gharama za ucheleweshaji. Huwafundisha wanafunzi kwamba kila siku ambayo kontena linasimama njiani ni hasara kwa mfanyabiashara wa Kigali, kwa mlaji na kwa taifa. Hesabu hizo ni sahihi, na sizifuti. Lakini sikuwahi kuwaambia kwamba hasara ile huangukia kwenye sufuria ya mtu fulani, ikawa ada ya shule, ikawa bati la nyumba. Nimefundisha nusu ya hesabu, na mama huyu ameishi kwa nusu ile nyingine.

Kutoka hapo kijana alinipeleka nje kidogo ya makazi, kwenye tuta la reli mpya ya kisasa. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, kiliwekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Juni 2021, na ujenzi wake umekabidhiwa kampuni za China. Huko mashariki, treni za umeme zimekwisha kuanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024. Tulipanda juu ya tuta. Upande mmoja yalionekana majaruba ya mpunga yaliyokauka kwa kiangazi, upande wa pili kundi la ng'ombe likivuka polepole, na mchungaji wake, mtoto wa miaka kama kumi, akitutazama sisi badala ya ng'ombe.

Hapo ndipo alipouliza swali lake. Aliuliza bila kunitazama, akichezea ufunguo wa pikipiki.

"Mwalimu, wanasema hii reli itafika hadi Kigali. Ni kweli?"

Nikamwambia kwamba nia hiyo ipo. Marais Magufuli na Kagame walikubaliana tangu Januari 2018 kujenga reli ya Isaka hadi Kigali.

"Sasa ikifika Kigali, mzigo utashuka hapa kufanya nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Aliendelea. Kaka zake wawili wako kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na mmoja anamwita. Mama hataki; mashimo yamekwisha kuwameza vijana wa majirani. Bodaboda ni ya mkataba, na imebaki miezi michache iwe yake. Anaweza kuimaliza, akaiuza, akaenda kwa kaka zake. Anaweza kuimaliza, akabaki, akaweka duka karibu na mama. "Wewe umesoma mambo haya ya reli," alisema. "Nibaki au niondoke?"

Nimesimamia tasnifu kadhaa juu ya ushoroba huu. Nimekaa kwenye kamati, nimeandika mapendekezo, nimelipwa posho. Hakuna hata mara moja ambapo swali liliwekwa mbele yangu kwa namna ile, likimhusu mtu mmoja na mama mmoja. Nilimwambia ninachokijua: kwamba reli ya Kigali haitajengwa kesho, kwamba bado itakuwepo miaka ya kushusha na kupakia, kwamba kituo kikubwa huwa na kazi zake hata treni zikipita. Aliitikia kwa adabu. Nilijua nilikuwa nimemjibu kama afisa, naye alikuwa ameniuliza kama mzazi.

Historia yetu wenyewe inatuonya. Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara yote hii ya bara. Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, na mwaka 1905 reli ikaanza kujengwa kutoka huko. Bagamoyo haukubomolewa na mtu, uliachwa tu. Kwa majirani zetu wa Kenya, mwaka 2019, agizo la kutaka mizigo ya Nairobi ipelekwe kwa reli mpya kutoka Mombasa liliwatoa watu barabarani kuandamana, kwa kuwa walijua ni maghala gani yangefungwa na ni malori gani yangelala, hata agizo likasitishwa. Na hapa hapa jirani, mgodi wa Buzwagi uliofunguliwa mwaka 2009 ulifikia ukomo wa uzalishaji mwaka 2021. Leo eneo lake limetengwa kwa ajili ya viwanda, jambo jema. Lakini swali la nini kifuate lingefaa kuulizwa siku ya kwanza ya kuchimba.

Sisemi kwamba reli isijengwe, wala kwamba iishie Isaka ili mama lishe wauze wali. Nchi haiwezi kujengwa juu ya makaratasi yanayochelewa. Ninachosema ni kwamba mji unaoishi kwa sababu safari inakatika una haki ya kuambiwa mapema kwamba safari itaunganishwa, na kupewa nafasi ya kujiandaa. Ukanda huu una mpunga. Mashine za kukoboa za Kagongwa zinajulikana na wafanyabiashara wa mchele. Una ng'ombe, una pamba, una mafundi waliojifunza ufundi kwenye migodi. Je, katika michoro ya stesheni mpya kuna mahali ambapo mkulima wa Isaka atapakia magunia yake kumi, au tumeweka tu mahali ambapo kontena la mtu mwingine litapita kwa kasi zaidi? Je, kijana mwenye pikipiki amewahi kualikwa kwenye kikao, asikie, aulize?

Wasidhani kwamba watu hawa hawana la kusema. Jioni ile, kwenye kijiwe cha kahawa, mzee mmoja alinisimulia jinsi wanakijiji wa maeneo ya Kahama na Nzega, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walivyochoshwa na wezi wa ng'ombe, wakachukua pinde na filimbi, wakaanzisha sungusungu. Serikali ilishtuka kwanza, kisha ikauiga mpango huo na kuueneza nchini. Mambo yao mengine yalikuwa na ukatili ambao hatupaswi kuusahau. Hata hivyo, hapa ndipo taifa zima lilipojifunza jambo, na kijana wangu aliyezaliwa hapa hakuwahi kulisikia shuleni. Alisikiliza akiwa ameacha kikombe chake kipoe. Aliyeambiwa tangu utotoni kwamba kwao hakuna cha kuona, atapata wapi sababu ya kubaki?

Gari lilikuwa tayari jioni hiyo, kama fundi alivyoahidi. Nilimlipa kijana, akahesabu fedha, akanirudishia sehemu. "Hii imezidi, mwalimu. Mafuta hayakufika hapo." Nikamwambia kwamba iliyozidi ni ya kazi ya kunitembeza. Alishangaa kweli. "Kazi gani? Si nimekuonyesha nyumbani tu?"

Swali lake bado ninalo. Nimeliandika hapa kwa sababu najua wapo miongoni mwa wasomaji wangu wanaokaa kwenye meza ambako njia ya reli hiyo inachorwa. Ramani yangu ya darasani nimeibadilisha: pale mshale mnene unapokutana na mstari mwembamba nimeacha nafasi, na muhula huu wanafunzi watakwenda wenyewe kuuliza nini kiandikwe. Lakini hilo ni jibu la mwalimu kwa wanafunzi wake. Yule kijana bado yuko njiapanda, na mkataba wa pikipiki unakaribia kuisha. Kama kuna anayejua Isaka imepangiwa nini siku treni itakapoacha kusimama, aniandikie. Nitalipeleka jibu mwenyewe, na safari hii nitashuka bila kusubiri beringi inishushe.